Bamvua, stima na chumba cha chini

Mtu akisikia kwamba Malindi kuna nyumba zenye chumba chini ya ardhi, kwanza hucheka. Nani achimbe mchangani, hatua chache na bahari, kisha alalamike kuwa maji yameingia? Lakini pita upande wa Silversand na barabara ya Casuarina, chungulia nyuma ya kotija zenye bwawa la kuogelea, utaona kifuniko cha bati au mlango mfupi wenye ngazi za kushuka. Huko ndiko zinakokaa mota za kuchuja maji ya bwawa. Wajenzi huzishusha makusudi, ziwe chini ya usawa wa maji ya bwawa, ili maji yazifuate yenyewe na pampu isihangaike kuvuta. Na kelele pia zibaki huko huko, mgeni alale.

Mimi naangalia kotija kama hizo. Wenyewe wako Italia sehemu kubwa ya mwaka, na kinachowapa usingizi huko waliko ni kwamba mimi huku silali. Chumba chetu kimeshuka kama mita 2 na nusu. Kina mota za bwawa, pampu ya presha ya kupeleka maji kwenye matangi ya juu, boksi la stima ukutani, na rafu za vikorokoro ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa. Pembeni kuna shimo la sentimita 60 kwa 60, na ndani yake pampu ya kuzama ya nguvu ya farasi nusu. Maji yakipanda, boya linapanda nayo, swichi inashika, pampu inayasukuma hadi nje. Stima ikiwepo, unaweza kusahau kabisa kwamba pampu iko.

Shida ni kwamba stima ya huku hupenda kupotea siku ile ile ambayo shimo linaihitaji. Mvua ya masika ikishuka na upepo wa kusi, makuti na matawi ya mwarobaini huangukia nyaya, na kitongoji kizima kinabaki na mishumaa. Wakati huo ardhi imeshiba, maji yanatafuta pa kwenda, na chumba cha chini kiko wazi kuyapokea.

Watu wengi wakiniuliza nimefanyaje chumba kisifurike stima ikikatika, swali lao la kwanza ni jenereta gani. Mimi huwauliza maji yao yanaingia kwa kasi gani, na hapo mazungumzo hufa. Hakuna anayejua. Hata mafundi waliokuja kuniuzia mitambo hawakuuliza hilo, waliuliza bajeti.

Somo la kwanza nililipata Agosti 2023. Usiku wa Ijumaa tarehe 25, nchi nzima ilizimika, na sehemu nyingi zikakaa gizani hadi kesho yake. Nilishuka na tochi, nikakaa ngazini nikitazama shimo kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hayakupanda. Yaani yalipanda, lakini kwa uvivu hasa, na ndoo chache za kufua maji asubuhi zilitosha. Kijana wa lango akasema basi hakuna haja ya kuhangaika na chochote, chumba kinajitunza. Ningemwamini, isipokuwa nilikuwa nimekwisha kuliona shimo hilo hilo mwezi Mei likijaa upesi kabla mtu hajamaliza kunywa chai.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Shela, mtaa wa hapa hapa Malindi, anayetengeneza mashua pale ufuoni. Nilikwenda kutafuta kamba, nikamweleza mambo ya chumba, naye akaniuliza, "Siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi?" Nikamwambia sikumbuki, mzee. Akahesabu kwa vidole, akasema mwezi ulikuwa wa siku nane au tisa tangu kuandama, maji mafu. "Mwanangu, hicho chumba chako ni jahazi lililozikwa. Bahari ikija juu, ngama, tumbo la chini la chombo, nayo inajaa. Wewe unatazama stima, tazama mwezi."

Na kweli. Malindi tunakaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe, na vyote viwili vina matundu. Maji ya ardhini karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari, ila yakichelewa kidogo kwa kuwa lazima yapenye. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo sana. Jambo la pili, ambalo mvuvi yeyote analijua lakini mimi sikuwahi kulihusisha na boksi la stima: huku kwetu maji makubwa ya bamvua hujaa karibu saa kumi. Saa kumi alasiri, na tena saa kumi za usiku. Shimo letu hufikia kilele baada ya hapo, kabla ya adhana ya alfajiri au punde kidogo baada yake. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote za chumba cha chini ni saa ambayo binadamu wote, pamoja na mlinzi anayeapa kwamba hajafumba jicho, wamelala fofofo.

Ndipo nikaanza kupima. Sikuhitaji fundi. Nilibandika rula ya plastiki kwenye ukuta wa shimo, nikazima pampu, nikashika saa. Shimo la sentimita 60 kwa 60 lina hesabu rahisi: kila sentimita 1 ya kupanda ni lita 3.6. Kiangazi, maji mafu, yalipanda sentimita 1 kwa dakika 10, yaani kama lita 22 kwa saa. Bamvua la vuli, baada ya mvua ya siku kadhaa, yalipanda sentimita 2 kila dakika, yaani lita 432 kwa saa. Kutoka pale boya linapowasha pampu hadi maji kufika sakafuni, shimo lina nafasi ya lita 180. Gawanya mwenyewe. Kiangazi nina zaidi ya saa nane kabla ya miguu kulowa. Bamvua la vuli nina dakika 25.

Hizo dakika 25 ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maji yenyewe, maana si yote yanatoka baharini. Yakinuka dawa ya bwawa, bwawa linavuja na hakuna pampu itakayokutibu hilo. Yakija na tope jekundu mara tu baada ya mvua, ni maji ya juu yanayoteremka ukutani, na mfereji wa saruji pembeni mwa nyumba huenda ukakuokoa pesa nyingi kuliko betri. Sisi tulikuwa na yote mawili kidogo. Tulipoziba ufa wa bomba la bwawa na kuelekeza maji ya paa mbali na ngazi, kasi ilipungua kabla hatujanunua hata waya. Vipimo nilivyotaja ni vya baada ya hapo.

Jenereta nitaipitia haraka. Tunayo, ya petroli, na inafaa kwa friji na taa za wageni. Lakini ni ya kuvutwa kamba, na kati ya stima kukatika saa tisa za usiku na mtu kuamka, kutafuta ufunguo wa stoo, kukuta petroli imechacha na kuvuta kamba mpaka bega lilegee, dakika 25 zimekwisha kupita. Zipo zinazowaka zenyewe, kwa bei yake. Anayeitumia asiiweke ndani ya chumba cha chini wala ngazini hata kama mvua inanyesha vipi. Moshi wake una hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu kimya kimya, na chumba cha chini hakina pa kuitolea. Wala asiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Bila chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na nyaya za nje, stima hiyo inarudi kwenye nyaya za barabarani na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo akiamini kuwa umeme hakuna.

Kisha ikaja inverta, kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani, na betri yake. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapouziwa matumaini.

Pampu yangu inakula kama wati 700 ikishakolea. Betri ya gari kubwa, volti 12 na ampea 100 za saa moja, inabeba kama wati 1,200 za saa moja. Betri ya asidi hutakiwi kuinyonya zaidi ya nusu, ukiizoesha kuishiwa inakufa mapema, kwa hiyo una 600. Inverta nayo inachukua ushuru wake njiani, unabaki na kama 500. Muuzaji aliniambia pampu itafanya kazi dakika arobaini na kitu, basi ninunue betri nne. Hesabu yake si ya uongo, lakini alidhani pampu inawaka mfululizo. Haiwaki mfululizo. Nilipima: inajaza pipa la lita 200 kwa dakika 2, yaani lita 6,000 kwa saa. Shimo likiingiza lita 432 kwa saa, pampu inahitaji dakika 4 na sekunde kadhaa tu katika kila saa. Hizo ni kama wati 50 za saa moja, ongeza 15 ambazo inverta inakula hata ikiwa imekaa bure, jumla 65. Betri ile ile moja inanipeleka saa saba na nusu. Kwa usiku wa bamvua, si haba.

Ila kuna mtego. Mota ya pampu ikiamka huvuta mara tatu au zaidi ya inachokula ikiwa mwendoni. Tulijaribu inverta ya wati 1,000 ya jirani, ikalia, ikawasha taa nyekundu, ikajizima. Lazima iwe ya wati 2,000 na kuendelea, tena ya wimbi safi. Zile rahisi hutoa stima ya ngazi ngazi ambayo mota huipokea kwa kunguruma na kupata moto. Na inverta yenyewe haitaki chumvi. Kifaa chenye feni kinachonyonya hewa ya Malindi ndani ya chumba chenye unyevu, mpe mwaka, ufungue kifuniko, utaona kijani kila mahali.

Nilimrudia yule mzee wa Shela, si kwa ushauri, nilikuwa nimeleta soda. Nikamkuta anafunga pampu ndogo ya plastiki kwenye mashua ya wavuvi, chini kabisa kwenye ngama, waya mbili hadi kwenye betri. Hakuna inverta. Nikamuuliza ile inakula kiasi gani. Akacheka, akasema injini ikizima katikati ya bahari hiyo ndiyo inayofua maji hadi waokolewe, ingekula nyingi wangekuwa samaki.

Pampu hizo za boti za volti 12 zinauzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi. Nilichukua iliyoandikwa galoni 1,100 kwa saa. Ni galoni za Kimarekani, yaani karibu lita 4,160, na ukisoma kopo utadhani umepata mtambo. Maandishi hayo ni ya kusukuma maji bila kuyapandisha. Kila mita unayopanda, inapungua, na ukipita urefu fulani inazungusha maji tu bila kutoa tone. Kwenye chumba chetu, ambapo maji yanapanda mita 3 hadi nje, ilijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 1. Lita 1,200 kwa saa, chini ya theluthi ya kilichoandikwa. Nilikuwa karibu kuirudisha dukani, halafu nikakumbuka lita 432. Inatosha karibu mara tatu.

Na inakula ampea 4. Katika saa moja ya bamvua inafanya kazi kama dakika 22, inatumia wati 18 za saa moja. Betri ile ile iliyonipa saa saba na nusu kwa inverta, hapa inanipa zaidi ya saa thelathini. Siku nzima na usiku, bila mtu kugusa kitu. Bei yake yote, pamoja na boya lake na bomba, ilikuwa chini ya bei ya inverta peke yake. Tangu siku hiyo sijibishani tena na wauzaji wa betri nne.

Tuliifunga hivi. Pampu kubwa ya stima imebaki chini kabisa ya shimo na ndiyo inayofanya kazi ya kila siku. Ya boti imekaa juu ya tofali, boya lake likiwa sentimita 15 juu ya boya la kubwa, kwa hiyo haiwaki mpaka kubwa ishindwe, iwe kwa kukosa stima au kwa kuungua. Hilo la pili watu hulisahau. Stima inaweza kuwepo na pampu ikafa. Betri iko juu kwenye rafu ya ngazini, si sakafuni, pamoja na fyuzi karibu kabisa na nguzo ya chanya. Inachajiwa na chaja inayojikata yenyewe, na juu ya paa kuna paneli ya sola ya wati 100 kwa zile siku ambazo stima haina haraka ya kurudi. Nyaya ni za boti, shaba iliyopakwa bati. Fundi wa kwanza alitaka kutumia waya wa nyumba, nikamwonyesha waya wa zamani tulioutoa pale, mweusi hadi ndani.

Kila pampu ina bomba lake. Fundi alitaka kuziunganisha kwenye bomba moja ili kupunguza gharama, lakini hapo, vali ya kuzuia maji yasirudi ikikwama, pampu moja inapandisha maji na mwenzake anayateremsha tena shimoni, na betri inakwisha kwa mchezo huo.

Tarehe 10 Desemba 2023, Jumapili usiku, nchi ikazimika tena. Safari hii mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, bamvua linaingia, na vuli ya mwaka huo ilikuwa ya El Niño. Barabara ya Lamu ilikuwa imekatwa na mafuriko upande wa Garsen mwezi uliotangulia, na ardhi ilikuwa haina pa kuweka tone. Ilikuwa stima ile ile ya Agosti iliyopotea, lakini shimo halikuwa lile. Nilishuka baada ya saa sita za usiku. Ile pampu ndogo ilikuwa inawaka, inanyamaza, inawaka, na sauti yake ni kama ya mtu anayekoroma kwa adabu. Kilichonishtua ni kingine: kwenye nguzo hasi ya betri palikuwa na unga mweupe, na kibano kilikuwa cha moto nilipokigusa. Unga huo ungekua kidogo zaidi, ingezima yenyewe na mimi niko kitandani. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka grisi, nikarudi kulala. Sasa grisi inakaa pale pale rafuni na kila anayeshuka anajua ni ya nini.

Matunzo si mengi ila hayasubiri. Boya ndilo linaloua pampu nyingi kuliko stima. Nyuzi za makumbi, nywele, chumvi iliyoganda, vyote hulishika likabaki chini huku maji yanapita juu yake. Chujio la pampu ya boti huziba kwa mchanga. Betri ya asidi inataka maji yake, ya betri, si ya mfereji. Na jaribio la kweli ni moja tu: chomoa pampu kubwa ukutani, mwaga ndoo za maji shimoni, tazama ndogo inaamka au la. Sisi hufanya siku moja kabla ya bamvua, wala hatuhitaji kalenda, kijana wa lango ni mvuvi siku zake za mapumziko na yeye ndiye anayenikumbusha. Tumeongeza pia boya la tatu juu kabisa, limeunganishwa na honi ya pikipiki iliyofungwa nje ya dirisha la kijana huyo. Ikilia, maji yamezishinda pampu zote mbili, na kitu cha kwanza si kushuka na ndoo. Ni kuzima meni swichi iliyo juu. Soketi iliyozama na mtu aliyesimama majini ni msiba wa dakika moja, na stima hurudi bila kubisha hodi.

Jambo la mwisho tuligundua kwa bahati. Kwa muda mrefu bomba lilikuwa linamwaga kwenye bustani, mita chache kutoka ukutani, na maua yalikuwa yamenawiri kwelikweli. Siku moja tulipopima kasi tukiwa tumeelekeza bomba kwingine kwa ajili ya kusafisha, maji yaliingia polepole kuliko kawaida. Tulikuwa tunayatoa, yanapenya mchangani, yanarudi ndani, tunayatoa tena. Tukavuta bomba hadi kwenye mtaro wa barabara, upande wa mteremko, na pampu ikapunguza kazi siku hiyo hiyo. Maua yameanza kunyauka sasa, na mwenye kotija kaona kwenye picha nilizomtumia, anauliza kwa nini simwagilii.